Mrabaha na Taarabu ya Tanga

Neno "mrabaha" limetoka katika Kiarabu, na maana ya asili yake ni faida. Historia ya taarabu ya Tanga yaonyesha jinsi faida hiyo ilivyoweza kumpita mwenye kazi.

Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star viliueneza mtindo wa Tanga pwani nzima. Sahani zao zilitolewa Mombasa kwa nembo ya Mzuri, na mwaka 1989 baadhi ya nyimbo zikatolewa tena London. Radio Tanzania nayo ilikuwa na desturi ya kuwalipa wanamuziki mara moja tu, siku ya kurekodi. Kisha utepe ukapigwa miaka mingi pasipo malipo mengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliamuru kwamba mtangazaji amlipe mwenye haki, na haki ya mtunzi ikadumu miaka 50 baada ya kufa kwake.

Redio za intaneti zimelizidisha jambo hili. Nchini Marekani hutozwa kwa kila wimbo na kila msikilizaji. Mwaka 2016 kupanda kwa viwango kulichangia kufungwa kwa Live365. Hesabu ya namna hiyo yahitaji majina. Sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki 2016, hutambulika mara moja. Mtunga shairi na mpiga fidla hawasikiki majina yao. Kwa hiyo, kabla ya kubishania kiwango, yafaa wataalamu wa lugha wawaandike watunzi hao, maana pasipo jina mrabaha hauna wa kumfikia.