Njia ya Angani Ilipoiacha Pwani

Sisi watu wa pwani tumezoea kuihesabu safari ya bara kuanzia kwetu. Msafara ulifungwa Bagamoyo, wapagazi wakajitwika mizigo, na umbali ukapimwa kwa vituo na siku za mwendo. Ndivyo zinavyosomeka habari za Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901: msomaji huambiwa msafara ulilala wapi, na hongo gani ilitolewa ili njia ifunguliwe. Umbali ulikuwa na bei yake.

Ndege iliuvunja mpango huo, tena kwa namna ambayo wengi wetu hatuikumbuki. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoifikisha njia yake Cape Town, halikupita Mombasa, wala Dar es Salaam, wala Unguja. Ndege ziliondoka Nairobi, zikatua Moshi, Dodoma, kisha Mbeya, ndipo zikavuka mpaka kuelekea Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe. Mbeya ulikuwa mji mchanga uliokuzwa na dhahabu ya Lupa. Hata hivyo barua ya mchimba dhahabu ilipanda ndege karibu na mlango wake, na ya mfanyabiashara wa Forodhani ilibidi kwanza ipelekwe bara kuifuata njia hiyo. Bandari iliyozoea kungoja kusi na kaskazi ikawa kando ya mambo!

Iringa nayo, iliyokuwa na boma tangu 1896, miaka miwili baada ya ngome ya Mkwawa kuanguka Kalenga, haikuwamo katika vituo hivyo. Kutoka hapo hadi Mbeya, ndege angeruka yapata kilomita 275. Barabara huzidi 330, kwani hushuka kusini hadi Makambako ndipo igeuke magharibi kando ya bonde la Usangu. Reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, huikuta barabara hapo Makambako. Iringa haiigusi kabisa.

Fahari ya Mbeya haikudumu. Mwaka 1937 shirika lilileta ndege za kutua majini, nazo zikaifuata bahari: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, hadi Durban. Kilichokuwa cha Mbeya kikawa cha Lindi, kwa sababu tu ndege mpya zilihitaji maji yaliyotulia.

Uwanja wa Songwe ulifunguliwa 2012. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 690 za angani, safari ya saa moja na ushei, ilhali basi hula mchana kutwa na pengine sehemu ya usiku. Lakini Songwe u zaidi ya kilomita 20 nje ya mji. Abiria akishuka hana budi kupanda gari na kuimaliza safari katika barabara ile ile ya Tunduma, nyuma ya malori yatokayo Zambia.