Utani na Uchekeshaji Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe, uchekeshaji ulikuwa wajibu wa mtani kabla ya kuwa kazi ya kulipwa. Bibi na babu walitaniana na wajukuu, binamu kwa binamu, shemeji kwa shemeji. Juu yao ukaja utani wa koo na makabila. Wajibu huo ulijionyesha hasa msibani. Mtani, awe mwanamke au mwanamume, aliigiza mwendo na usemi wa marehemu, akadai fedha kabla maiti haijapita, na wafiwa wakacheka bila kupenda. Kukasirika hakukuruhusiwa.

Mkonge uliukuza utani huu. Miche 62 iliyonusurika safarini ilifika Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, na reli ya Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba kama Magunga na Ngombezi yakajaa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka bara, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma na Waha. Aliyefia kambini, mbali na ndugu zake, alizikwa na watani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alivutiwa na jambo hili kiasi cha kuandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941 na tena 1944.

Kwa mtani mwanamke aliyelea watoto bila mume, hali haikuwa moja kila mahali. Kwa Wazigua wa Handeni mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu yake. Kwa Wasambaa alikuwa wa upande wa baba. Kambini, koo zote zilikuwa mbali.

Kuchekesha kwa malipo kulikua mijini. Mchekeshaji Amri Athumani, maarufu King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki 2018. Dar es Salaam, vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), kilichoanzishwa 1992, vilichanganya vichekesho na ngoma, taarabu na sarakasi, mara nyingi kwenye baa hadi usiku. Hapo ndipo mzigo wa mama anayelea peke yake ulipozidi: mtani wa msibani alichekesha katikati ya jamaa, watoto wakiwa karibu, lakini mama msanii wa jukwaani alihitaji mtu wa kumwachia mtoto, na bado akaitwa mhuni. Wengi wa akina mama wasanii kama hao, hata leo, huwategemea bibi wa watoto.

Utani wa misibani haujafa. Mtani hana mshahara. Hupata fedha kidogo tu anazotozwa mfiwa.