Dhahabu Iliyokosekana Meissen
Katika zama ambazo watu wa pwani yetu walikwisha zoea kupamba makaburi na mihirabu yao kwa bakuli za Kichina, watawala wa Ulaya nao walikuwa wakivinunua vyombo vya kauri kwa mali nyingi, pasipo fundi wao hata mmoja aijuaye siri yake kamili. Mwaka 1701 Augustus, mtawala wa Saxony, alimtia kizuizini kijana Johann Friedrich Böttger, aliyejigamba kuwa aweza kugeuza madini duni yawe dhahabu. Tanuri zikawaka, mali ikateketea, dhahabu isionekane, na mfungwa (ambaye, kwa insafu, huenda alikuwa laghai kabla ya kuwa mwanachuoni) akaona shingo yake i hatarini. Lakini miaka hiyo ya hasara ilikwisha mfundisha kuutawala moto mkali mno, na tabia za udongo ndani yake. Hivyo, akiongozwa na mtaalamu Tschirnhaus, akapata kwanza chombo chekundu kigumu, kisha kauri nyeupe, na mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa katika ngome ya Meissen. Böttger hakupewa uhuru wake hata 1714, akafariki 1719 akiwa na umri wa miaka 37. Kiwanda chenyewe kingali kikifanya kazi.