Mbweni na Mpapindi

Watu wa mwambao hatukuwahi kuhitaji neno moja la kuikusanya jamii nzima ya minazi. Mnazi ni mnazi, mtende ni mtende, na mkindu, mvumo, mkoche, mpopoo, mwale na mchikichi kila mmoja una jina lake kwa kuwa kila mmoja una kazi yake. Ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili, na ukili ukashonwa mkeka. Kuti la mnazi huezeka banda. Popoo huingia katika tambuu, na hilo si jambo la jana: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, miongoni mwa vitu vya kwanza alivyokirimiwa ni majani ya tambuu na popoo. Mpopoo wenyewe asili yake ni Asia, na aliyeupanda kwetu aliupanda nyumbani kwake, kwa hamu ya kitu alichokizoea ng'ambo. Bustani za binafsi za mimea ya kigeni basi zimekuwapo mwambao huu karne nyingi kabla ya balozi yeyote wa Uingereza kukanyaga Unguja.

Nayasema haya mwanzo kwa sababu anayetembelea Mbweni huambiwa kwamba habari ya bustani ilianza na balozi.

Mbweni iko kama kilomita saba kusini mwa Mji Mkongwe, juu kidogo ya bahari, mahali pale pale mashua za kwenda kisiwa cha Chumbe zinapotia nanga. Mwaka 1871 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba huko. Wakawaweka wasichana waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wakawajengea Shule ya Mtakatifu Maria, na pembeni wakakaa watu wazima walioachwa huru, kila familia na kijishamba chake. Caroline Thackeray alikuja kuiongoza shule hiyo mwaka 1877, akakaa nayo mpaka 1902. Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, bado lipo na bado linasaliwa. Shule imebaki kuta: mawe ya matumbawe na chokaa, matao yasiyo na paa, mizizi imejipenyeza kwenye nyufa kama vidole. Ni katika kiwanja cha magofu hayo ambapo mwishoni mwa karne iliyopita hoteli ya binafsi ilipanda bustani yake, na ndani yake mkusanyo wa minazi ya nchi nyingi, ambayo mingi haina jina la Kiswahili kwa kuwa haijawahi kuwa na kazi kwetu. Humo nilijifunza kuutazama mti wa jamii hii bila kuuliza unatoa nini. Niliduwaa. Sikujua kwamba kuti linaweza kukunjwa kama kipepeo cha karatasi.

Jirani hapo palikuwa na nyumba ya shamba ya John Kirk. Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti. Alifuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi kuanzia 1858, akafika Unguja mwaka 1866 kama tabibu wa ubalozi, kisha akapanda hata akawa balozi mwenyewe. Historia inayofundishwa shuleni inamkumbuka kwa mkataba wa 1873, aliposimama mbele ya Sayyid Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa. Mimi huyo wa mkataba namwacha. Namfuata yule wa Mbweni, aliyepanda miche ya kujaribu, akakausha majani kati ya karatasi na kuyapeleka bustani ya Kew, London.

Alipeleka mengi, na kwa hiyo jina lake limetapakaa. Kima punju wa msitu wa Jozani ana jina la Kirk katika vitabu vya sayansi. Mpira, mtambaji wa porini ambao utomvu wake uliingia katika biashara ya dunia, nao ni wa Kirk. Ndugu yake wa karibu ni mbungo, ambao juisi yake tunainywa. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha ua dogo jekundu. Kirk alilipeleka Kew, na mwaka 1882 Hooker, mtaalamu wa mimea wa huko, akaliita kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu wakaona ua hilo ni lile lile lililokwisha kuelezwa mwaka 1868 kwa jina la Horace Waller, rafiki wa Kirk na mtu wa misheni. Kanuni ya sayansi ni kwamba jina la kwanza hushinda. Basi ua linalopandwa leo katika vibaraza vya Ulaya na Marekani linaitwa la Waller, na Sultani amefutika.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Nyumba yake ikanunuliwa na Bi Thackeray, akaishi humo baada ya kustaafu mpaka alipofariki mwaka 1926. Kaburi lake liko uwanjani mwa kanisa. Nampenda mwanamke huyu kwa kukaa. Wengi waliokuja kufundisha huku walihesabu miaka ya kurudi kwao.

Sasa nivuke Pemba, kwa sababu mti adimu kuliko yote niliyoizunguka Mbweni ni wetu wenyewe.

Jina lake mpapindi. Haumei porini popote duniani ila kisiwani Pemba. Ndugu zake wote wa jenasi moja wako Bukini na visiwa vya Komoro. Mmoja wao ndio ule mnazi mwembamba wa manjano unaowekwa kwenye vyungu katika kumbi za hoteli na mabenki kila nchi. Popo mkubwa wa Pemba naye ana hali hiyo hiyo: hayupo pengine, na jamaa zake wako upande wa Bukini. Pemba si Unguja. Bahari ilipopungua zamani za kale, Unguja ilishikana na bara, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na haukukauka. Kisiwa kilikaa peke yake, na mpapindi ukakaa nacho.

Msitu wa kisiwa hicho ulipunguzwa na karafuu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi kwa mashamba mazima, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa cha karafuu kikawa Pemba, na vilima vyake vikakatwa msitu kupisha mikarafuu. Ngezi, kaskazini-magharibi, ndio msitu mkubwa uliosalia. Ndipo nilipouona mpapindi kwao.

Niliandamana na mzee mmoja wa huko. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akanijibu, "Marahaba mwanangu," kisha akaweka kiganja chake juu ya shina lililo jembamba kama paja la mtoto. Shina lina pete, moja juu ya moja, na kila pete ni mahali palipoanguka kuti. Mti wa jamii hii haunenepi mwaka kwa mwaka kama mwembe. Unakwenda juu tu na nyuma unaacha alama. Babu alihesabu pete kwa kidole mpaka mkono wake ukaishia juu, kisha akanionyesha palipo chini ya makuti: ala ya rangi ya kijivu yenye nta, laini kama imepakwa unga. Alikwangua kwa ukucha, kukabaki mstari wa kijani. Makuti yalikuwa machache, yakipinda kwa utulivu, na katikati yake vishada vya matunda mekundu.

Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, Harold Moore, ndiye aliyeuandikia mti huu jina la sayansi, Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa jenasi ya Dypsis, na mwaka 2022 ukarudishwa kwenye jina la kwanza. Muda wote huo Wapemba walikuwa wakisema mpapindi. Siku hizi umepandwa katika bustani za wakusanyaji Florida na Hawaii, nao huko wanauthamini kuliko sisi tunaoupita njiani. Kwetu pia huonekana mbele ya nyumba, umepandwa kwa uzuri wake tu, na nikiuona najisikia kama nimekutana na mtu wa kwetu mjini.

Nilimuuliza babu kama yeye anaupanda. Hakujibu kwa mdomo. Aliinama chini ya mti akafukua majani makavu kwa ncha ya panga, taratibu, mpaka ukaonekana mche mmoja, una jani moja tu lililopasuka pande mbili kama mkia wa mbayuwayu. Akayarudisha majani makavu pembeni yake, si juu yake, tukaendelea na njia.