Kutoka Sufi Hadi Mpira: Godoro la Bi Harusi na Joto la Kaskazi

Hapa kwetu mahari mara nyingi huja kama vitu: kitanda, godoro, kabati. Kwa hiyo godoro ni mali yako wewe, na likitokea la kutokea (Mwenyezi Mungu atuepushe) unatoka nalo. Ndiyo maana inauma kuona bi harusi anakabidhiwa sponji nene lililofungwa nailoni, kisha kaskazi ikiingia bwana anahamia kwenye mkeka ukumbini, na yeye anabaki kitandani anajipepea na kanga.

Bibi zetu walilala kwenye kitanda cha matendegu na mifumbati, katikati kimesukwa kamba. Kamba ilitoka kwenye makumbi ya nazi, ambayo wanawake wa vijiji vya pwani huyafukia ufukweni miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha huyaponda na kuyasokota. Kazi hiyo bado ipo. Kitanda kile kilipitisha upepo chini ya mgongo, na juu yake likawekwa godoro la sufi. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani, umejaa hewa na haunywi maji upesi, hata mabaharia walijaziwa sufi kwenye jaketi za kuokolea maisha. Ubaya wake ni kushikana mabonge. Basi lilianikwa juani, likapigwa fimbo, na likizidi likafumuliwa na kuchambuliwa upya.

Godoro la Mtume wetu (S.A.W.), kwa mapokezi ya Bi Aisha (r.a.), lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Silitaji ili kumtia mtu aibu kwa kununua kizuri. Arabuni, kama kwetu, godoro lilijazwa kile ambacho mti wa pale ulikitoa.

Godoro la mpira asilia, lile linaloitwa lateksi, nalo linatoka mtini. Asili ya mpira huo ni msitu wa Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zake kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London, na miche ikapelekwa Ceylon na Malaya. Mwaka 1929, katika kampuni ya Dunlop huko Uingereza, mkemia E. A. Murphy aliupiga utomvu mpaka ukatoa povu, kama tunavyopiga mayai ya keki, ukagandishwa na kuokwa kwenye kalibu. Kalibu za magodoro zina pini nyingi ili moto ufike katikati, na pini hizo ndizo zinazoacha vile vitundu unavyoviona. Baadaye ikaja njia ya Talalay: povu huvutwa hewa, hugandishwa kwa baridi kali, kisha huokwa. Hilo huwa laini zaidi na hupitisha hewa zaidi.

Sponji la kawaida lina nasaba nyingine. Polyurethane ilitokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937, na povu lake, linalotokana na mafuta ya petroli, likaenea baada ya Vita vya Pili kwa sababu ni rahisi na jepesi. Sisi tukaacha kamba na sufi, tukalala juu ya sponji lililokaa juu ya ubao mzima. Joto likakosa pa kutokea, juu na chini.

Sasa, kama nyote wawili mnatokwa na jasho, mpira utawafaa kuliko sponji, lakini msidanganywe kwamba ni baridi. Unapitisha hewa, basi. Chagueni ulio mgumu kiasi, kwa sababu ukididimia sana godoro linakukumbatia na joto linabaki mwilini. Ulizeni kama ni mpira wa mti mtupu au umechanganywa na wa kiwandani, na jaribuni kulinyanyua: la mpira ni zito, halibebwi na mtu mmoja. Mwenye mzio wa mpira asilinunue kabla ya kumwona daktari.

Kisha kitanda. Mwambieni fundi aweke chaga zenye nafasi, asipigilie ubao mzima, maana hapo mnairudisha kazi ya ile kamba ya bibi. Shuka ziwe za pamba. Ile nailoni ya dukani itoke siku ya kwanza, hata kama shangazi anasema iachwe ili godoro lisichafuke.

Jambo moja tulilorithi lina madhara hapa. Godoro la sufi lilitaka jua. La mpira linaharibiwa nalo, huwa gumu na kuanza kupukutika. Likipata unyevu wa masika, lisimamisheni kivulini, madirisha wazi, na mama mkwe akitaka kulitoa uani juani, mwelezeni kwa upole.