Nakala na Uhai Wake: Uhifadhi wa Kidijitali katika Vyuo Vikuu vya Uganda

Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala kuanzia mwaka 1948. Katika miaka iliyofuata alizunguka nchini akirekodi waimbaji na wapiga ala wa Buganda, Busoga, Acholi na kwingineko. Rekodi hizo, zaidi ya elfu moja, hatimaye ziliwekwa London, mahali panapojulikana leo kama Maktaba ya Uingereza. Kwa takribani nusu karne, mwanafunzi wa Makerere aliyetaka kusikia namna babu zake walivyopiga marimba alikuwa mbali na sauti hizo kuliko msomaji wa London.

Hali hiyo ilibadilika mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, nakala za kidijitali zilirudishwa Kampala, na Chuo Kikuu cha Makerere kikaanzisha hifadhi ya muziki inayobeba jina la Wachsmann. Tukio hilo husimuliwa kama kurudi nyumbani, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Hata hivyo, kilichorudi ni nakala. Rekodi asilia zimebaki zilipokuwa. Pia maelezo ya kila wimbo yalitungwa kwa sikio na lugha ya mkusanyaji. Jina la mwimbaji, kijiji chake na sababu ya wimbo kuimbwa ni mambo ambayo mhifadhi nyaraka hana budi kuyatafuta upya kwa wenyeji, wakati wazee wanaoweza kuyajibu wangali hai. Kazi hii haifanywi na mashine.

Magharibi mwa Uganda, mjini Fort Portal, historia ilichukua njia nyingine. Majalada ya utawala wa wilaya ya Kabarole, ya enzi ya ukoloni na ya baada ya uhuru, yalihamishiwa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, ambacho kilianzishwa mwaka 2005 tu. Humo yalisafishwa, yakapangwa na kupigwa picha kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani. Hapa karatasi asilia hazikuvuka mpaka, nayo nakala ndiyo iliyosafiri. Kwa maoni ya makala haya, tofauti hiyo ina uzito kuliko ubora wa kamera iliyotumika, kwa kuwa anayeshika asilia ndiye anayeweza kurudi kwenye ukurasa pale picha inapotia shaka.

Je, nakala ya kidijitali hudumu? Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, shirika la utangazaji la BBC liliwakusanyia wananchi picha na maelezo ya maeneo yao katika diski za leza. Haikupita miaka ishirini, mashine za kusomea diski hizo zilikuwa zimeadimika, na watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakalazimika kuunda programu ya kuiga kompyuta ya zamani. Wakati huohuo, kitabu chenyewe cha mwaka 1086, kilichoandikwa juu ya ngozi, kilikuwa bado kinasomeka.

Ndiyo maana mhifadhi wa kidijitali hamalizi kazi faili linapohifadhiwa. Hulipa kila faili namba ya uthibitisho na kuihakiki mara kwa mara, ili badiliko la hata herufi moja ligundulike. Huweka nakala katika majengo tofauti. Huhamisha mafaili kutoka muundo unaozeeka kwenda muundo mpya, na huandika kila alichokifanya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14721, kilichotolewa mwaka 2003, kinaitazama hifadhi kuwa taasisi yenye watu na wajibu, si ghala la mitambo.

Suala la majengo tofauti si la nadharia. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto uliunguza Jengo Kuu la Makerere, lililojengwa mwaka 1941. Miezi saba baadaye, tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioshuka kutoka Mlima Table uliteketeza Chumba cha Kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya machapisho na filamu za taaluma za Afrika. Kwa kilichoungua bila nakala, hakuna programu ya kukiunda upya.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika bajeti. Miradi ya kupiga picha nyaraka hufadhiliwa kwa miaka michache na hupimwa kwa idadi ya kurasa. Ni nadra kupimwa kwa mafaili yanayofunguka miaka kumi baadaye. Skana hununuliwa mara moja, ilhali mhifadhi hulipwa kila mwezi, na mshahara huo wafadhili hawaupendi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kuna haja ya pili: maelezo ya mikusanyo hii yaandikwe pia kwa Kiswahili, sambamba na lugha ya mwimbaji au mwandishi, ili mtafiti wa Bujumbura au Goma aweze kuyatafuta. Wa kuyaandika ni yuleyule mhifadhi, ambaye nafasi yake ya kudumu bado inasubiri kuingizwa katika ikama ya chuo.