Je, Mraba ni Mstatili? Muulize Euclid, Kisha Uiulize Java

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipoteza futi mraba 900 za ardhi ya mwenyewe. Sikuiba, jamani. Programu yangu ndiyo iliyozimeza.

Nilikuwa nimeandikia ofisi moja ndogo ya upimaji ardhi programu ya kutunza vipimo vya ploti. Nyingi zilikuwa zile za hamsini kwa mia ambazo kila Mkenya anazijua, na chache zilikuwa futi 100 kwa 100. Chuoni nilifundishwa kwamba mraba ni mstatili wenye pande sawa. Basi nikaunda aina ya Mstatili, kisha Mraba ukarithi kila kitu kutoka kwake. Na ili mraba ubaki mraba, nikaiagiza programu: ukibadilisha upana, badilisha na urefu. Nilijiona fundi.

Barabara ikapanuliwa, ikala futi 10 za upande mmoja wa ploti ya mraba. Karani akaandika 90 mahali pa upana. Jibu lilipaswa kuwa 100 mara 90, yaani futi mraba 9,000. Programu ikapiga 90 mara 90, ikatoa 8,100. Mzee mwenye ploti alikuja na karatasi yake, hesabu imepigwa kwa kalamu, akauliza, "Kijana, hizi nyingine zimekwenda wapi?"

Usiku huo nilirekebisha kosa, lakini swali likanikaa kichwani: kama mraba ni mstatili, mbona hesabu imekataa? Nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba mtu wa kwanza ninayepaswa kumuuliza aliishi Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 K.K.

Euclid, katika fasili ya 22 ya kitabu cha kwanza cha Elementi zake, anapanga maumbo ya pande nne. Mraba una pande sawa na pembe mraba. Mstatili una pembe mraba lakini pande zake si sawa. Rombasi ina pande sawa lakini pembe zake si mraba. Romboidi ina pande na pembe zinazolingana na zile zinazozikabili, ila si pande sawa zote wala si pembe mraba. Mengine yote anayatupa kwenye kapu moja. Umeona hayo "lakini"? Kwa Euclid mraba SI mstatili. Kila umbo lina kisanduku chake na kifuniko kimefungwa.

Kinachonifurahisha ni kwamba yeye mwenyewe hakukaa ndani ya visanduku vyake. Katika pendekezo la 34 anazungumzia msambamba, umbo ambalo hata hakulitolea fasili, na kuthibitisha kwamba pande zake zinazokabiliana ni sawa. Kisha katika pendekezo la 46 anataka kuchora mraba. Anafanya nini? Anaonyesha kwanza kwamba umbo lake ni msambamba, anachukua matokeo ya pendekezo la 34 bila kuyathibitisha upya, ndipo anafika kwenye mraba. Huko ni kurithi, ndugu msomaji! Rombasi aliyoipa fasili kwa makini haina kazi tena katika mapendekezo yanayofuata.

Ndiyo sababu wanahisabati wa baadaye waliondoa vifuniko. Ukisema mraba ni aina ya mstatili, na mstatili ni aina ya msambamba, unathibitisha jambo mara moja tu na watoto wote wanarithi.

Majina nayo yana safari yake. Kitabu cha Euclid kilifasiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad na al-Hajjaj, zama za Harun al-Rashid (786–809), na sisi maneno yetu ya maumbo tumeyapata kwa Kiarabu. Mraba unatoka kwenye mzizi wa nne, mstatili kwenye mzizi wa urefu. Yaani neno mraba lenyewe halitaji usawa wa pande popote; limehesabu nne tu.

Trapeziamu ndiyo vurugu tupu. Proclus, karne ya 5, aliita trapeziamu umbo lenye pande mbili sambamba, na trapezoidi lile lisilo na pande sambamba. Mwaka 1795 kamusi ya Mwingereza Charles Hutton ikayageuza. Waingereza baadaye walirudi kwa Proclus, Wamarekani wakabaki na Hutton. Sisi tuliosoma kwa mtaala wenye asili ya Uingereza tukichukua maktaba ya msimbo ya Kimarekani, tusome maelezo mara mbili.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1987 Barbara Liskov alitoa hotuba kuhusu urithi katika programu, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing wakaliandika wazo hilo kwa ukamilifu: mtoto akiwekwa mahali pa mzazi, chochote kilichokuwa kweli kwa mzazi kibaki kweli. Robert C. Martin, mwaka 1996, akalieleza kwa mfano huu huu wa mraba na mstatili. Kumbe kosa langu lilikuwa maarufu!

Umbo la Euclid likishachorwa limechorwa, halipanuliwi barabara. Mstatili wangu ulikuwa na amri: badilisha upana, urefu uache. Mraba hauwezi kutii amri hiyo ukabaki mraba.

Dawa niliyotumia ni kufuta amri yenyewe. Sasa barabara ikikata ploti, programu haibadilishi umbo la zamani, inaunda jipya na la zamani linabaki kwenye kumbukumbu na tarehe yake. Aina ya Mraba haipo tena. Kuna swali tu ambalo mstatili wowote unaweza kuulizwa: je, pande zako zote ni sawa?

Ploti ya mzee sasa inajibu hapana, na inasomeka 9,000. Mzee mwenyewe aliikagua tena kwa kalamu kabla ya kuweka sahihi.